Uga wa Kijani Januari Huandaliwa Novemba

Katika maboma mengi ya Mosocho, Kaunti ya Kisii, uga hubadilika rangi katikati ya Januari. Nyasi zilizopendeza wakati wa Krismasi huwa za kahawia kufikia Februari, na mwenye boma hulilaumu jua. Lawama hiyo haitoshi. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na hata miezi yake mikavu haipiti bila manyunyu. Jua linaloukausha uga mmoja linauwakia pia uga wa jirani uliobaki kijani, na mara nyingi jirani huyo hana bomba wala mpira wa maji. Tofauti yao imo ardhini. Ni kina cha mizizi, nacho huamuliwa na kazi iliyofanywa kabla ya kiangazi kuingia.

Mmea wa nyumbani

Nyasi zinazotawala nyua za Gusii ni nyasi za Kikuyu, ambazo wanabotania huziita Cenchrus clandestinus. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa hiyo hapa ziko kwao. Wageni walizichukua karne iliyopita, zikapandwa Afrika Kusini, Australia na California, na leo ndizo zinazofunika sehemu kubwa ya uwanja wa gofu wa Riviera Country Club, Los Angeles. Mmea uliostawi mbali hivyo na kwao hauwezi kushindwa na wiki sita za jua la Mosocho, isipokuwa kama tumeufunga mikono.

Nguvu yake inatoka sehemu mbili. Kwanza, ni mmea wa kundi la C4, kundi moja na mahindi na miwa, ambalo hutengeneza chakula kwa maji machache kuliko mimea mingi mingine jua linapokuwa kali. Pili, una mashina manene yanayotambaa juu ya udongo na mengine chini yake, ambayo ni ghala la chakula. Majani yakikauka, ghala hilo hubaki hai na kuchipua upya mvua ikirudi. Kwenye udongo mwekundu wa Kisii, ambao ni wa kina na unapitisha maji vizuri, mizizi yake inaweza kushuka zaidi ya mita 1. Huko chini unyevu wa mvua za Oktoba na Novemba bado upo wakati juu pameshakauka.

Kwa hiyo swali la kiufundi ni moja: nini kinaizuia mizizi isifike huko?

Miguu ya Desemba

Kizuizi cha kwanza ni udongo ulioshindiliwa. Desemba ndio mwezi ambao boma la Gusii hubeba watu wengi kuliko wakati wowote. Wana wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa, magari yanaegeshwa juu ya nyasi, vijana wanatoka jandoni na kushangiliwa, harusi zinafungwa, na misiba haina msimu. Mahema husimama palepale, udongo ukiwa bado mbichi kwa mvua. Udongo mbichi ukikanyagwa, vijitundu vinavyobeba hewa na maji hufungika. Mizizi isiyopata hewa haishuki, na mvua inayonyesha baadaye huteleza juu badala ya kuzama.

Kupima ni rahisi. Chomeka bisibisi ndefu ugani siku moja baada ya mvua. Ikigoma kwenye sentimita 5, mizizi nayo imegoma hapo. Dawa ni jembe la uma: lichomeke wima hadi meno yazame, litikise kidogo, lichomoe, kisha usogee hatua ndogo na kurudia. Usipindue udongo. Kazi hii hufanywa udongo ukiwa na unyevu, yaani Novemba, na tena mara wageni wakiondoka ikiwa mvua ingalipo. Baada yake mwaga samadi iliyooza vizuri na kuchekechwa, unene usiozidi sentimita 1, uifagie iingie kwenye matundu.

Magari yapewe mahali pake pa kokoto. Hema likisimama wiki nzima, nyasi zilizo chini yake hukosa mwanga, hivyo lihamishwe sherehe ikiisha.

Slasha iliyoshuka mno

Kizuizi cha pili ni ukataji. Kabla ya Krismasi wengi wetu hukata nyasi hadi karibu na udongo ili uga uonekane nadhifu na kazi isirudiwe upesi. Hapo ndipo kiangazi kinaposhinda. Jani ndilo linalolisha mzizi, na likiondolewa karibu lote, mmea hutumia akiba yake kuotesha majani mapya huku mizizi ikipungua. Wakati huohuo udongo hubaki uchi mbele ya jua na unyevu wa juu hutoweka.

Kanuni ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kuelekea kiangazi, acha nyasi zibaki sentimita 5 au 6, maana yake zikatwe zinapofika 8 au 9. Slasha inoliwe, kwa kuwa makali butu hurarua jani, na ncha iliyoraruka hukauka na kuupa uga wote sura ya ugonjwa. Mwenye mashine ainue visu vyake hadi ngazi ya juu.

Kuna jambo lingine la kwetu. Vitabu vya bustani hushauri majani yaliyokatwa yaachwe yarutubishe udongo. Mosocho majani hayo ni chakula cha ng'ombe aliye zizini, na ni sawa apewe. Lakini kila gunia linalokwenda zizini linabeba naitrojeni ya uga. Lisiporudi kama samadi, uga hudhoofika mwaka hadi mwaka. Anayetumia mbolea ya CAN aweke takriban gramu 20 kwa mita moja ya mraba mvua za Machi zikishika, si Januari, kwani mbolea ya wakati wa ukame husukuma mmea kukua usipokuwa na maji ya kukulia.

Hesabu ya maji

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Uga wa mita 10 kwa 10 ukipewa milimita 25 kwa wiki, kiwango kinachotosha kuuweka kijani, unahitaji lita 2,500. Hiyo ni mitungi 125 ya lita 20. Hakuna boma linaloteka maji chemchemini linalopaswa kubeba mzigo huo kwa ajili ya nyasi, na mama au mtoto asitumwe kwa sababu hiyo.

Mwenye tangi la mvua ana nafasi. Paa la mabati la mita 100 za mraba hukusanya karibu lita 900 mvua ya milimita 10 ikinyesha. Tangi la lita 10,000 lililojazwa Novemba lingetosha uga huo wiki nne. Akimwagilia, amwagilie alfajiri, mara moja kwa wiki, maji yashuke sentimita 15. Mkebe mtupu ukiwekwa ugani utaonyesha milimita zilizoanguka. Kunyunyiza kidogo kila jioni huifundisha mizizi kukaa juu, na majani yanayolala na maji hukaribisha kuvu.

Asiye na tangi achague kipande kidogo karibu na mlango na kukipa maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na dawa ya kung'arisha nguo. Kwingine aache nyasi zilale, bila kukata wala kufunga ng'ombe hapo. Kabla ya kuamua kuwa ni kiu, avute fungu la nyasi: likinyanyuka bila mizizi, wadudu wanakula chini. Na pale palipo na mkaratusi kando ya uga, ajue kwamba mti huo unashindania maji yaleyale, na mizizi yake inafika mbali.

Kazi hii ina faida kubwa kuliko sura ya boma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, takriban 957 kwa kila kilomita ya mraba, na mashamba yetu yamelala miteremkoni. Uga uliokufa Februari hukutana na mvua za Machi ukiwa wazi, na udongo unaoondoka hapo haurudi. Uga wenye mizizi mirefu huyazamisha maji hayo na kuushika udongo. Ndiyo maana jembe la uma la Novemba lipewe siku yake, kama kupalilia mahindi kunavyopewa siku yake.