Swali la Mwalimu na Miguu Yangu

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisema wengi wetu tumejifunza rumba, chachacha, hata waltz. Akauliza ni wangapi wanaoweza kucheza Gombe Sugu, Mangala, Kiduo au Lelemama. Akauliza pia ni wangapi waliofundishwa shuleni nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe.

Mimi ni Mhehe wa Idodi, kwenye barabara ya kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha. Nimeisoma hotuba hiyo mara nyingi katika masomo yangu ya uzamili, na kila mara najiona nimeulizwa mimi. Jibu langu ni aibu: sijui hata moja.

Mwaka jana, jijini Dar es Salaam, nilijiunga na darasa la dansi la watu wazima wanaoanza. Tulifundishwa salsa, ndugu wa chachacha ile ile aliyoitaja Mwalimu. Ukumbi ulikuwa na kioo ukuta mzima. Mkufunzi alihesabu moja hadi nane, nami nilichelewa kila kwenye tano. Wiki mbili za kwanza nilitazama kioo tu, nikijionea huruma. Lakini pale hakuna aliyenijua. Niliruhusiwa kukosea, na ndiyo sababu nilirudi.

Likizo ikanikuta Idodi kwenye arusi ya binamu yangu. Ngoma ilipoanza, shangazi alinivuta mkono. Hapakuwa na kioo wala hesabu. Kulikuwa na duara, makofi, na watoto wadogo nyuma ya mama zao wakiiga. Hapo nikaelewa mahali pa anayeanza ni wapi: ni mgongoni mwa mama. Mimi niliondoka kwenda shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na tatu. Sasa nina ishirini na sita, na mgongo wa kujificha nyuma yake sina.

Nilimuuliza bibi nani alimfundisha. Akacheka. "Sisi hatukufundishwa, mjukuu wangu. Tulikuwepo."

Jibu hilo limenifanya niisome upya hotuba ya 1962. Swali la Mwalimu lilikuwa la haki, ila lilihesabu wanaojua na wasiojua. Serikali ikajibu kwa njia inayozijua: wizara, kikundi cha taifa cha ngoma, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Taasisi hizo zimetupa wasanii hodari, na siwezi kuzibeza. Lakini kazi yao kubwa ilikuwa kuwaweka wachezaji jukwaani. Sisi wengine tukabaki kwenye viti, tukipiga makofi kwa urithi wetu wenyewe. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: mtu mzima ambaye hakuwepo aanzie wapi?

Sitaki kulipamba duara. Idodi kila mtu ananijua, na "msomi" akikosea hatua, kicheko husikika mbali. Darasa la mjini, pamoja na kioo chake, lilinipa kitu ambacho nyumbani sikukipata: ruhusa ya kuwa mbovu kwa muda. Kosa lake ni kunifundisha kujitazama. Kwenye duara nilikuwa salama pale tu nilipotazama miguu ya shangazi.

Kwa hiyo nilicheza, mwishoni mwa mstari, midomo ikitembea. Bibi akaniona.

"Unahesabu?"

"Ndiyo, bibi."

"Hesabu tu. Ila usitoke."

Sikutoka. Niliporudi mjini nilimwomba mkufunzi atugeuze tukipe kioo mgongo, tusimame duara. Alikubali kwa wimbo mmoja. Tulikanyagana sana, na kwenye tano nilichelewa tena.