Kumjua Mtu kwa Mgongo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla bodaboda za Shirimatunda, hapa Moshi, hazijaanza kugombea abiria, mlima huwa wazi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inatokeza juu ya migomba kama bakuli lililofudikizwa. Ikifika saa tatu mawingu yameshaichukua, na mgeni aliyechelewa kuamka hana cha kuoneshwa. Mimi lakini sitoki nje kwa ajili ya mlima. Natoka kufuata maziwa, na njiani napishana na akina mama waliotoka kukata majani ya ng'ombe. Mzigo humfunika mtu kichwa na mabega, uso hauonekani kabisa, na bado salamu haikosei njia. Huyu anayetupa mguu wa kushoto nje kidogo ni fulani. Yule mwenye haraka ya mtu anayedaiwa ni mdogo wake. Unaliambia furushi la majani, "Shikamoo mama," nalo furushi linajibu, "Marahaba baba, za kuamka?"

Hii ni elimu ndogo, haina cheti, na kila aliyekulia penye vihamba, mashamba yetu ya migomba, anayo. Kuna mtu mmoja aliyeishika akaifanya kazi ya maisha yake yote, akavuka nayo bahari, akaipeleka mpaka ukutani mwa jumba la sanaa la New York. Huyo ni Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, 1923. Kutoka hapa kwetu ukishika barabara ya Arusha, kisha ukakata kulia kupanda, unaingia kwao.

Nisimulie safari yake upesi, maana si safari ninayotaka kuisifu. Alisoma sanaa Makerere miaka ya 1940 chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha uchoraji barazani kwake Kampala mwaka 1937. Akabaki hapo akifundisha. Mwaka 1952 akaenda London, Slade, shule ya uchoraji yenye jina kubwa Uingereza, akakaa mpaka 1955, na mwaka huohuo kazi zake zikaoneshwa Piccadilly Gallery. Akarudi Makerere. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York likachukua mchoro wake mmoja. Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, nchi changa ilihitaji balozi wa kwanza London, na aliyepewa kazi hiyo ni huyu mchora migomba. Alikaa huko hadi 1964. Baadaye akashika masuala ya utamaduni serikalini, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafariki 1993. Mkewe, Sarah Nyendwoha, Mnyoro wa Uganda, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada Oxford. Yeye anastahili insha yake peke yake, tena ndefu kuliko hii.

Mtu aliyepita kote huko ungemtarajia arudi na London kwenye brashi: mvua, madaraja, mabasi mekundu, angalau mwanamke mmoja wa Kizungu kwenye kiti. Tena Slade ya miaka ile, chini ya William Coldstream, ilikuwa shule ya kupima. Mtu hai anakaa mbele yako uchi, wewe unanyoosha mkono, unapima kwa kidole gumba na mpini wa brashi, unaweka alama ndogo kwenye turubai, unapima tena. Siku inakwisha una bega moja. Ni nidhamu kubwa na siidharau. Imetoa wachoraji wa maana.

Ntiro alikaa ndani ya nidhamu hiyo miaka mitatu, akatoka anachora Machame kama alivyoingia. Watu wadogo wengi, migomba, nyumba za msonge, watu wakilima, wakivuna, wakibeba, wakinywa. Nyuso zao hazina pua wala kope. Hakukuwa na mtu wa Machame wa kumkalia kwenye kiti pale London, na nadhani hata angekuwepo asingemhitaji. Alichora kwa kukumbuka. Trowell alikuwa amewazoesha hivyo wanafunzi wake: anawasimulia kisa, nao wanakiona kwanza kichwani kabla hawajagusa rangi. Wapo waliosema, na wanaendelea kusema, kwamba hiyo ilikuwa njia ya kumfungia Mwafrika nje ya ufundi wa kweli, aendelee kuwa mtoto. Cecil Todd aliyemrithi Trowell mwaka 1958 aliibadilisha shule, akaleta nadharia za rangi na maarifa ya Ulaya, na kizazi kilichofuata kikaona kazi za Ntiro ni za juzi.

Hoja hiyo ina uzito na siikwepi. Ukitazama michoro yake mitano kwa mpigo, wa nne unaanza kufanana na wa pili. Migomba yake wakati mwingine inapangwa kama nakshi za kanga, wakati sisi tuliolala chini ya migomba tunajua hakuna majani mawili ya umri mmoja: jipya limejikunja na rangi yake inakaribia njano, la katikati limechanwa na upepo, la zamani limekauka linaning'inia kama shuka lililosahaulika kwenye kamba. Pengine alichoka. Pengine wanunuzi walitaka kile walichokwisha kukiona. Mchoraji naye ana kodi ya nyumba.

Lakini kuna mchoro ule wa New York. Una jina refu ambalo kwa Kiswahili lingekuwa hivi: wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Aliuchora 1956, rangi za mafuta, kama sentimita 41 kwa 51. Ni mdogo kuliko sinia la pilau la watu sita. Sijawahi kusimama mbele yake. Nauona kwenye simu tu, na simu yangu ina ufa upande wa juu kulia, kwa hiyo usiku wa Machame una radi isiyokuwepo. Hata hivyo nimeutazama mara nyingi kuliko picha yoyote ya Kibo.

Siku moja nilimwonesha bibi mmoja wa hapa jirani, mwenyeji wa Machame aliyeshuka mjini kuishi na wajukuu. Nilimwambia jina la mchoro. Aliishika simu mbali na macho, akaisogeza, akairudisha mbali.

"Usiku," akasema. "Ni kweli. Mchana ingeishia njiani."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kutazama, kisha akasema, "Wanatembea kama watu waliobeba kitu kilichojaa."

Nilikuwa nimesoma kurasa kadhaa za wataalamu juu ya Ntiro. Hakuna aliyelisema hilo. Mzigo wa majani na chombo cha mbege, hiyo pombe ya ndizi, haviendi mwendo mmoja. Majani ni mepesi, mtu anaweza kugeuka, akapiga soga, akakwaruza mguu. Mbege haitaki. Fikiria imetoka wapi: ndizi zimeiva, zimechemshwa mpaka zikawa nyekundu, zimekaa siku kadhaa, zimechujwa, uji wa ulezi umechanganywa, gome la msesewe limetiwa ili uchungu upatikane. Juma zima la kazi ya watu wengi liko kwenye chombo, na chombo kiko kichwani, na njia ni ya mteremko yenye mfongo wa maji unaoikata pasipotarajiwa. Shingo inakuwa mlingoti. Hatua zinafupika. Kiuno ndicho kinachofanya kazi yote. Na zaidi ya hapo kuna ile heshima ya ujumbe wenyewe: hupeleki pombe kilabuni, unaipeleka kwa watu wanaokupa binti yao. Kumwaga ni kusema neno baya.

Haya yote utayaweka wapi kwenye uso? Uso ungeharibu. Ungewapa wale wanaume macho na midomo, mtazamaji angeanza kuuliza yupi mzuri, yupi mlevi, yupi anafanana na mjomba. Bila nyuso, kinachobaki ni mwendo, na mwendo ndio unaobeba habari. Wapimaji wa Slade wangeweza kupima bega la mtu aliyekaa; mtu aliyebeba mbege usiku hapimiki kwa kidole gumba, kwa sababu hakai. Huyo unamjua au humjui.

Na kumjua kwenyewe, nimekuja kuamini, kulihitaji umbali. Mtu wa Machame aliyebaki Machame hana haja ya kukumbuka. Anachungulia nje tu. Aliye kwenye chumba cha kupanga London, ambako saa tisa alasiri ya Desemba taa zimeshawashwa, lazima aijenge njia upya kila siku kutoka kwenye miguu yake mwenyewe. Vinavyopotea kwanza ni vitu vya juu: sura, mavazi, nani alivaa nini. Vinavyobaki ni vile ambavyo mwili ulivishika. Sioni ajabu kwamba kitabu chake cha Kiswahili, *Desturi za Wachagga*, kilitoka 1953, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi Slade. Kwa kalamu na kwa brashi alikuwa anafanya kazi ileile ya mtu anayehesabu mali yake akiwa mbali nayo.

Nimepata kumlinganisha na mtu ambaye kwa juujuu hafanani naye kwa lolote. Marwan Kassab-Bachi, Msyria wa Damascus, aliyezaliwa 1934, alifika Berlin 1957 na hakuondoka mpaka alipofariki 2016. Yeye alichora nyuso. Uso mmoja, miaka na miaka, mkubwa hadi unajaza turubai, rangi juu ya rangi, mpaka shavu linakuwa bonde na paji la uso linakuwa kilima; waliomfahamu waliiona Syria mle ndani. Ntiro alifuta nyuso ili nchi itokee, Marwan akaifuta nchi akaificha usoni. Wote wawili walikuwa ugenini, wote walishika kitu kimoja wasikiachie, na wote walijirudia. Sina hakika kama kujirudia ni kosa kwa mtu aliye mbali na kwao. Mama akipiga simu kutoka kijijini anarudia maneno yaleyale kila Jumapili, na hakuna anayemwambia abadilishe mtindo.

Mlima huu ulitoa mchoraji mwingine, Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa 1932, naye wa Makerere. Huyo alikwenda njia ya kuta na watu: alichora maisha ya Kristo kwenye kanisa la Waanglikana Murang'a, Kenya, miaka ya 1950, Yesu akiwa Mwafrika kwenye vilima vya Wakikuyu, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Alitaka sanaa iwe na nyumba. Ntiro hakujenga nyumba ya aina hiyo, na labda ndiyo sababu jina lake halijulikani sana hata kwetu. Nimewauliza vijana wa Moshi wanaouza michoro kwa wapanda mlima. Wanamjua Tingatinga, mchoraji ambaye mtindo wake wanauiga, kama ilivyo haki, maana ndiye anayewapa ugali: tembo, twiga, Kibo yenye theluji nyingi kuliko iliyobaki. Katika michoro ile mlima hauna watu. Hakuna anayelima chini yake, hakuna anayefungulia maji ya mfongo ilipofika zamu yake, hakuna anayebeba chochote. Mgeni ananunua mlima mtupu, kama alivyouona kwenye ndege.

Hapa Shirimatunda tunaye mchoraji wetu, fundi wa mabango. Anachora kwa rangi na tina, juu ya mbao na kuta na milango ya bati, na mwezi uliopita alikuwa anachora ukuta wa saluni ya kiume karibu na ninaponunua maziwa. Nilisimama kumwangalia. Alianza na macho. Kwenye ukuta mweupe macho mawili makubwa yakawa yananitazama kabla mwenyewe hajawa na kichwa.

"Mbona macho kwanza?"

"Bila macho mteja haingii, kaka."

Nikamweleza habari za Ntiro, watu wasio na nyuso, mpaka New York. Alisikiliza kwa adabu huku anakoroga kopo. Akaniuliza huyo mzee alikuwa analipwaje.

Siku tatu baadaye nilipita tena. Mwenye saluni alikuwa amekuja kukagua, akasema sura ni nzuri lakini kinachouzwa pale si sura, ni mkato, na mkato huonekana kwa nyuma. Kwa hiyo pembeni ya yule bwana mwenye macho fundi alikuwa ameongeza mwingine, amempa watu mgongo: kisogo, masikio mawili, shingo, mabega yaliyoinama kidogo upande wa kulia. Fundi mwenyewe alinung'unika kwamba ile ni kazi ya nusu saa tu, haina ufundi.

Watoto watatu wa shule walikuwa wanapita na madumu ya maji. Wa kwanza akasimama, akaangalia ukuta, akawaita wenzake.

"Si yule kaka wa bodaboda?"

"Ndiye," mwingine akasema, "angalia bega," na wakaondoka wanacheka, mmoja amejiinamisha upande wa kulia anamwigiza, maji yanamwagika.