Si kila kinyang'anyiro ni cha 'shingo kwa shingo'

Msimu wa siasa unapobisha hodi Kisii na Nyamira, misemo ya ushindani hufurika magazetini na redioni. Mmoja unaotumiwa ovyo ni wa Kiingereza, "neck and neck". Wapo wanaouandika "neck to neck", kisha wanautafsiri sisisi kuwa "shingo kwa shingo". Hapo pana makosa mawili.

La kwanza ni la Kiingereza chenyewe. Msemo huo umetoka kwenye mbio za farasi: wawili wanakimbia sambamba hadi shingo zao zinakuwa usawa mmoja. Hakuna shingo inayoiendea nyingine, kwa hivyo "to" haina kazi. Isitoshe, msemo unaeleza mbio zinazoendelea. Mshindi akishatangazwa, shingo moja imetangulia.

Chukua uchaguzi mdogo wa Bonchari, Kaunti ya Kisii, wa Mei 18, 2021. Pavel Oimeke wa ODM alipata kura 8,049, Zebedeo Opore wa Jubilee 7,279, naye Teresa Bitutu wa UDA 6,964. Kuandika kwamba Oimeke alishinda "neck to neck" ni kumnyima msomaji habari yenyewe: alishinda kwa kura 770. Tofauti ndogo, naam, lakini ni tofauti.

Kosa la pili ni la Kiswahili. Shingo kwetu ina misemo yake. Mtu hukubali jambo shingo upande. Mkaidi ana shingo ngumu. Ukisema "shingo kwa shingo", msomaji huona watu wanaonyongana. Anayekimbilia "bega kwa bega" ndiye anapotea kabisa, maana Oimeke na Opore wakiwa bega kwa bega, basi walikuwa wakifanya kampeni pamoja! Hata "kukabana koo" hueleza ukali wa pambano, si ukaribu wa hesabu. Kama kura zimekaribiana, sema wagombea wanakwenda sambamba, au wametoshana nguvu. Kama kila upande unavutia kwake, "vuta nikuvute" ipo.

Je, haya ni makali ya mwalimu wa lugha tu? Hata kidogo. Wafuasi wakiambiwa kutwa nzima kwamba mtu wao yuko sambamba na mpinzani, kumbe ameachwa mbali, matokeo yakitoka watasema wameibiwa. Wakazi wa mpaka wa Borabu na Sotik hawahitaji kukumbushwa kilichofuata matokeo ya urais ya 2007.

Tunaelekea 2027. Mwandishi na atoe tarakimu kwanza, msemo ufuate. Asipokuwa na tarakimu, aseme tu kwamba kura bado zinahesabiwa. Hiyo nayo ni habari.