Vyombo vya ndani, plagini za nje na Mi iliyoshuka robo toni

Ngoma zinazofungua "Umbrella" ya Rihanna, kabla Jay-Z hajaanza kuchana, ni lupu. Jina lake ni Vintage Funk Kit 03, na imo ndani ya GarageBand, programu ambayo mwaka 2007 ilikuja bure na Mac mpya. Prodyuza Tricky Stewart aliichukua humo, akajenga juu yake, na wimbo ukakaa namba moja Marekani wiki 7 na Uingereza wiki 10. Mwaka uliofuata Polow da Don akachota kwenye maktaba hiyohiyo ya lupu za Apple kumtengenezea Usher "Love in This Club", nayo ikafika namba moja.

Watu hupenda kuisimulia habari hii ili kumnyamazisha kijana anayetaka kununua plagini. Mimi naona inathibitisha jambo dogo zaidi. Sikiliza "Umbrella" kwa makini: lupu ile ni kavu, haina mwangwi mwingi, na haibebi melodi hata kidogo. Kinachoufanya wimbo ujulikane ni haiheti iliyosukumwa mbele, kodi nzito zilizowekwa juu yake, na sauti ya Rihanna mwenyewe. Lupu isiyo na sura yake inakubali kuvaa sura yoyote.

Ingekuwa ni lupu ya kinanda yenye melodi, ningemshauri mtu aiache. Leseni ya Apple inaruhusu utumie lupu zake kwenye wimbo wako na uuze, isipokuwa huwezi kuuza lupu tupu. Lakini mitambo ya kutambua muziki, kama ile ya YouTube, haisomi leseni. Inalinganisha sauti na sauti. Watu wawili walioburuta melodi ileile wanaweza kujikuta mmoja anadaiwa kamwibia mwenzake, na wote wawili hawana kosa.

Mpaka wenyewe kati ya chombo cha ndani, kinachokuja na programu, na plagini ya nje, inayoongezwa kando, si mkongwe wala si imara. Steinberg ya Ujerumani ilileta mfumo wa VST mwaka 1996, na mwaka 1999 ikauruhusu ubebe vyombo na si efekti tu. Tangu hapo kampuni yoyote inaweza kuunda chombo kikaingia kwenye programu ya mwingine. Alchemy ilikuwa plagini ya kununua, mali ya Camel Audio. Apple ikainunua kampuni hiyo, na mwaka 2015 Alchemy ikatokea ndani ya Logic Pro X kama chombo cha nyumbani. Aliyesema mwaka 2014 kwamba vyombo vya nje vina sauti nzuri zaidi, mwaka 2016 angelazimika kubadili hoja kwa sababu tu sinthi ilibadili mmiliki.

Kwa hiyo kupimana kwa uzuri wa sauti hakutufikishi mbali. Nauliza mambo mawili: wimbo unadai nini kutoka kwenye chombo, na programu inakifahamu chombo hicho kwa kiasi gani?

Singeli inajibu swali la kwanza haraka. Kwa mwendo wa mapigo 240 kwa dakika, pigo moja ni robo sekunde, na ukiligawa mara nne kila noti inapata milisekunde 62 na ushee. Piano ya gharama iliyorekodiwa kwa maikrofoni nyingi, nyuzi zake zikilia sekunde kumi kabla ya kunyamaza, humo haina pa kulilia. Kinachosikika ni mgongano wa mwanzo tu, na 3xOsc, chombo cha siku nyingi cha FL Studio chenye oskileta tatu na si zaidi, kinautoa mgongano huo bila kuichosha kompyuta.

Swali la pili ni la taarab, nayo ndiyo inayonifanya nikae kwenye kiti muda mrefu. Chukua maqamu ya Rast ukianzia Do. Mi yake si Mi ya piano, wala si Mi bemoli, inakaa katikati. Ti nayo hivyohivyo. Kwenye hesabu ya senti, ambapo nusu toni moja ni senti 100, piano inaiweka Mi kwenye 400, na Rast ya kwenye vitabu inaitaka 350. Wapiga fidla na kanuni huipandisha kidogo kwa sikio, ila 350 inatosha kuanzia.

Ndani ya Logic Pro unafungua mipangilio ya projekti, upande wa tyuni, unachagua tyuni yako binafsi, unashusha E (yaani Mi) senti 50 na B (yaani Ti) senti 50. Basi. Sampula, sinthi na vinanda vya Logic kwa kawaida vinaitii mara moja, na unaweza kuandika sehemu za fidla, besi na akodioni ukisikia Rast tangu noti ya kwanza. Hili lina thamani kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtunzi huandika anachokisikia. Akisikia Mi ya piano mchana kutwa, vidole vitaanza kukimbilia kodi za meja na wimbo utageuka bila yeye kujua.

Ukipakia fidla ya nje, amri hiyo kwa kawaida haiifikii. Fidla za Kontakt zitaendelea kucheza Mi ya 400 kando ya besi inayocheza 350, na utadhani mtu kakosea. Plagini nyingi zina njia zao: Serum inapokea faili la tyuni, Kontakt inatumia skripti. Lakini kila moja unaiendea kivyake, na ukiisahau moja, wimbo mzima unachafuka.

Cha ndani nacho kina ukuta wake. Tyuni ile ni ya projekti nzima. Mtunzi akitoka Rast kwenda maqamu ya Nahawand, anataka Ti kamili inapopanda, na kitufe cha B tayari kimeshushwa. Hapo inabidi kuiacha tyuni ile na kurudi kwenye mbinu ya zamani: upindaji wa sauti wa MIDI. Ukiwa na masafa ya toni moja kila upande, senti 50 ni robo ya safari ya kushuka, yaani hatua 2048 kati ya 8192. Unachora alama hiyo chini ya kila Mi na Ti inayohitaji. Vyombo vingi vinaitii, vya ndani na vya nje. Kasoro yake ni kwamba inapinda noti zote zinazolia kwenye chaneli hiyo kwa pamoja, kwa hiyo kodi zinaharibika. Bahati nzuri fidla za taarab hutembea na melodi moja, na mbinu inazifaa vizuri.

Lipo pia suala la umri. Logic Pro X ilipotoka mwaka 2013 ilikataa plagini za biti 32, na chombo ambacho muundaji wake hakukisasisha kikanyamaza. Plagini za kreki, ambazo zimejaa kwenye studio zetu nyingi, hufa mapema zaidi: projekti inafunguka kwenye mashine ya mwenzako, noti zipo, sauti hakuna.

Kwa taarab, basi, ningeandika wimbo mzima kwa vyombo vya ndani vyenye tyuni ya Rast, nikimaliza ndipo nibadilishe fidla inayoongoza peke yake kwa plagini nzuri ya nje. Upindaji ningeuchora kwa mkono, kisha traki ya fidla hiyo niitoe kama faili la sauti siku hiyohiyo, kabla kompyuta haijaomba sasisho.