"Dkt." ni Nani: Tabibu, Msomi au Mtunukiwa?

Marais watatu wa Afrika Mashariki huandikwa kwa kifupisho kimoja: Dkt. William Ruto, Dkt. Samia Suluhu Hassan na Dkt. Hussein Ali Mwinyi wa Zanzibar. Herufi ni zilezile, maana mbalimbali. Ruto alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018. Samia alitunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2022. Mwinyi naye alisomea tiba. Mtu akizirai mkutanoni, tumwite Dkt. yupi?

Neno lenyewe tulilipata kwa Waingereza, nao wakalitoa katika Kilatini, ambako kitenzi "docere" ni kufundisha. Kwa asili, basi, daktari ni mwalimu. Lakini Mswahili alikutana na daktari hospitalini, na hadi leo ukijitambulisha kijijini kuwa wewe ni daktari, utaelezwa habari za mgongo na magoti. Ukijitetea kwamba udaktari wako ni wa fasihi, watu watakutazama tu: daktari gani huyu asiyejua dawa?

Magazeti nayo yameongeza utata. Tanzania wengi huandika "Dk.", kifupisho ambacho katika kurasa za michezo ni dakika. Hapo hapana neno. Hakuna atakayedhani bao lilifungwa na daktari wa 90. Muktadha unatuokoa.

Hautuokoi tunaposoma kwamba "Dkt. Fulani" anasifu mizizi fulani kwa kushusha sukari mwilini. Msomaji mgonjwa huziamini herufi hizo tatu, akaacha vidonge vyake. Kumbe Dkt. huyo alibobea katika uchumi, au alitunukiwa tu! Hili si suala la tahajia tena, ni la uhai.

Wahariri wasisingizie uhaba wa maneno. Tunalo neno "tabibu", tena tunasema daktari wa meno na daktari wa mifugo bila kutatizika. Habari ikihusu afya, taaluma ya msemaji itajwe pale anapotajwa mara ya kwanza. Na shahada ya heshima iitwe hivyo. Nyerere alitunukiwa kadhaa, lakini jina lililomkaa ni Mwalimu, ambalo kwa Kilatini ndilo hasa maana ya daktari.