Heko Mwalimu wa Kwaya

Timau, katikati ya mashamba ya ngano na maua, mwalimu wa kwaya hana okestra. Ana do-re-mi ubaoni, mikono miwili na watoto waliovaa sweta kwa baridi ya Mlima Kenya. Mkono wa kulia hushika mapigo; wa kushoto huwatuliza besi wakizidi, huwainua alto wakififia. Nampa heko kwa moyo wote: Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limesimama juu ya jasho la walimu kama yeye. Mmoja wao, mwalimu wa muziki George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, alikuwa miongoni mwa watano waliotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya, 1963, kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Basi mwenzake wa Timau apewe walau kinanda.