Sentimita Mbili za Demani

Chombo kina urefu wa mita 12.19, upana wake hauzidi mita 4.50, na watu wake ni wawili tu. Katika mashindano ya mwaka 2019 vyombo vya namna hii viling'oa nanga Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa, baridi ikiwa imeshaanza kuuma, vikielekea Salvador da Bahia, Brazili, maili za bahari 4,350. Ian Lipinski na Adrien Hardy walikuwa wa kwanza katika daraja lao, Class40, wakitumia siku 17 na ushee. Mashindano hayo, yaliyojulikana wakati huo kama Transat Jacques Vabre, yalianza 1993 yakifuata njia ya kahawa. Watu wakisikia habari zake huulizia mawimbi. Mimi huulizia mikono.

Katika njia hiyo, kazi ya kwanza ni ya hamali. Katika mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza upepo mara nyingi hutoka magharibi, yaani usoni, basi chombo hupiga bisho, mara huku mara kule. Kila kinapotaka kugeuka, baharia mmoja huteremka ndani na kuanza kuhamisha: magunia ya matanga, mifuko ya chakula, madumu ya maji, sanduku la vifaa, hata nguo za kubadilisha. Kila kitu kisichofungwa kwa skrubu ni farumi, na farumi hukaa joshini, upande unakotoka upepo. Kuna pia matangi ya maji ya bahari, lita 750 kila upande. Kabla ya kugeuka hufunguliwa vali, maji yakateremka yenyewe kutoka tangi la juu kwenda la chini. Chombo kikishageuka, lile la chini ndilo la juu. Kule Lamu, kwenye mashindano ya mashua, farumi ina miguu: mabaharia wenyewe hukimbilia ubao uliotokezwa nje. Wawili hawatoshi kuwa farumi, basi hubeba. Tanga lililolowa ni zito, sakafu imeinama, na kila gunia hufungwa kwa kamba yake kabla ya kushikwa linalofuata. Atakayeruka fundo moja ataliokota gunia lake upande wa pili, usiku wa manane.

Mzigo ukitulia, wa juu hurudi kwenye demani, kamba ya kukazia na kulegezea tanga. Juu ya tanga la mbele zimebandikwa nyuzi fupi za sufi, jozi kwa jozi, moja kila upande wa kitambaa. Zikilala zote sawasawa, upepo unapita vizuri. Ule wa joshini ukianza kurukaruka, demani ikazwe kidogo. Ukiruka wa upande wa pili, ilegezwe. Usiku hutazamwa kwa tochi. Kamba imezungushwa mara tatu kwenye winchi, naye huilegeza kwa kubana mizunguko hiyo kwa kiganja kilichokunjuliwa, ili iteleze pole badala ya kuchomoka. Sentimita mbili. Halafu hakuna anachokigusa. Hungoja chombo kimjibu, akitazama namba ya mwendo ikipanda, ikishuka, ikitulia, kwa maana wimbi moja laweza kumdanganya. Anayerekebisha bila kungoja hajui ni kipi kati ya alivyovifanya kilichosaidia. Mara nyingi katika saa moja husogeza demani, hungoja, huirudisha pale pale ilipokuwa, na hiyo nayo huhesabiwa kuwa kazi.

Dhoruba za Atlantiki kaskazini zina utaratibu wake. Upepo wa kusini-magharibi hupanda, mvua hunyesha, kisha ghafla upepo huruka hadi kaskazini-magharibi. Tanga kuu hupunguzwa kabla ya hapo, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa na mtu mmoja, mwenzake akiwa amelala na usukani ukijiendesha wenyewe. Demani hulegezwa. Henza, kamba ya kupandishia tanga, hushushwa hadi kwenye alama ya wino. Pembe ya mbele hubanwa kwenye mlingoti, henza hukazwa tena, ndipo pembe ya nyuma huvutwa kwa winchi. Ukitanguliza ya nyuma, kitambaa hubeba mzigo pasipo imara na huweza kuchanika. Ustadi wote, kwa maoni yangu, uko katika saa ya kuanza: anayengoja mpaka ahisi kuelemewa ameshachelewa.

Kusini zaidi, pwani ya Ureno ikishaachwa, huja upepo wa kaskazini-mashariki unaosukuma kutoka nyuma siku baada ya siku. Hapo hutwekwa spinaka, tanga pana la kitambaa chepesi, likiwa bado limo ndani ya mfuko wake mrefu mwembamba. Goshi, pembe ya mbele ya tanga, hufungwa kwenye dasturi, mti unaochomoza mbele ya chombo, henza hupandishwa hadi mwisho, ndipo mfuko huvutwa juu na tanga kufumuka. Mizigo yote husogezwa tezi, yaani nyuma, ili omo, yaani mbele, isizame. Chombo cha Lipinski na Hardy kilikuwa na omo ya mviringo iliyochorwa na David Raison, aliyeshinda mashindano ya Mini Transat mwaka 2011 kwa omo ya namna hiyo: badala ya kuchoma wimbi, hulipanda. Aliyeshika kana, mpini wa usukani, gizani haoni wimbi lijalo. Hulihisi kwa nyayo, tezi inapoanza kuinuka, na huanza kugeuza kidogo kabla halijafika. Zamu ni fupi. Wa ndani hulala dakika chache, hula chakula kikavu kilichoroweshwa kwa maji ya moto, hulala tena.

Karibu na Ikweta upepo hukata. Hapa hakuna kitu cha kukaza, nao hutembea kwa vidole ili wasilitikise tanga lililoshika pumzi kidogo. Wingu jeusi likija, matanga makubwa hushushwa. Likipita, hutwekwa yale yale. Wakiupata hatimaye upepo wa kusini-mashariki, hukaza kila kamba, wakashuka ndani na kubeba magunia yote kwenda upande wa kushoto, yakae huko hadi Bahia.